Daftari la mama na mfalme wa barafu

Nianze na deni, maana kitabu chenyewe nilikichukua kwa deni. Kuna kaka anauza vitabu vya mtumba, anatandaza turubai chini pembeni ya kituo cha daladala, jioni moja nikapita pale jalada moja likanivutia, akataja elfu kumi, tukavutana weee mpaka tukafika elfu nane, nafungua pochi nina sita. Akasema chukua tu dada, mbili utaniletea kesho. Kesho yake sikupita. Keshokutwa nikapita, ila ng'ambo ya barabara, nimejifanya naongea na simu.

Kumbe hicho nilichokuwa nafanya ndo kitabu chenyewe kinakisema kuanzia ukurasa wa kwanza. Nipo kitandani, umeme umekatika, nasoma kwa tochi ya simu, naona kabisa huyu mwandishi ananisema mimi.

Kitabu kinaitwa Spinning Silver, kaandika Naomi Novik, mwandishi wa Marekani, kilitoka 2018 na mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Locus ya riwaya bora ya fantasia. Nimekisoma Februari, Dar, lile joto la feni kukupulizia hewa ya moto, na humo ndani ni theluji mwanzo mwisho, mito imeganda, watu wanakufa kwa baridi mwezi ambao walitakiwa wawe wanapanda mazao. Mi theluji naijua kwa mbali tu, ile ya Kibo, asubuhi mapema ukiwa kwa bibi Moshi kabla mawingu hayajashuka. Lakini nilivuta shuka. Yaani nilikuwa natoka jasho na nikavuta shuka.

Wengi mnaijua ile ngano ya Rumpelstiltskin hata kama jina lenyewe lilishawatoka kichwani. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliichapa 1812. Mzee mwenye kinu cha kusaga anajisifu kwa mfalme kwamba binti yake anaweza kusokota majani makavu yakawa dhahabu. Mfalme, si unajua watu wakisikia dhahabu, anamfungia binti chumbani na rundo la majani, asubuhi nikute dhahabu la sivyo unakufa. Kinatokea kijitu kifupi kinamsokotea. Usiku wa kwanza kinalipwa mkufu, wa pili pete, wa tatu binti hana kitu tena, anaahidi mtoto wake wa kwanza. Akaolewa na mfalme, akazaa, kijitu kikaja kudai. Binti analia. Kijitu kinamwonea huruma (hebu pasome hapo mara mbili, mdai ndo anayeona huruma) kinampa siku tatu, ukilijua jina langu basi, mtoto ni wako. Mjumbe akaenda kulisikia jina huko porini kijitu kinacheza kuzunguka moto kinajitaja chenyewe, deni likafa hapo. Toleo la 1812 kijitu kinaondoka kwa hasira hakirudi tena. Kufika toleo la 1819 kinajipasua vipande viwili.

Mi niliisikia darasa la nne na nilipiga makofi kilipojipasua. Darasa zima tulipiga makofi.

Sasa huyu Miryem, msimulizi wa kwanza wa kitabu, anaikataa hiyo stori pale pale. Anasema ukweli wenyewe haukuwa mzuri hivyo. Binti wa mwenye kinu alitaka kumpata mtoto wa tajiri, akaenda kwa mkopeshaji akakopa pete na mkufu apendeze sikukuu, akapendeza kweli, kijana akacheza naye wakamalizana huko kwenye nyasi, halafu kijana akaenda kumwoa aliyechaguliwa na kwao. Binti kaachwa na mimba na deni. Akaona kilicho rahisi ni kumtangazia kila mtu kwamba mkopeshaji ni mtu wa shetani. Kijiji kikamfukuza mkopeshaji, pengine kwa mawe, vito vikabaki kwa binti vikawa mahari yake. Kwa hiyo, anasema Miryem, hii ni hadithi ya kukwepa kulipa, na waliokwepa ndo walibaki kijijini kuisimulia.

Niliweka kitabu chini nikakaa kama dakika kumi gizani.

Mama yangu alikuwa na duka. Sisi ni Wachaga, ila duka halikuwa Uchagani, lilikuwa mji mdogo wa mkoa wa Morogoro, kwenye mashamba ya miwa, ambako mzee wangu alihamia kikazi na mama akaona hawezi kukaa bure. Mtaji alipewa na baba yake, babu aliuza ng'ombe. Kama umekulia Tanzania huhitaji kuelezwa kilichofuata. Mchaga na hela, utani wake wote unaujua, kwamba mtoto wa Kichaga akizaliwa wanadondosha sarafu waone kama atageuka. Sa hivi mjini kila duka la mtaani ni "kwa Mangi" hata mwenyewe akiwa Mpare, na mangi kwetu maana yake ni chifu, kwa hiyo ukiangalia vizuri tumepandishwa cheo kwa kuuza viberiti. Mi utani naupenda, nautumia mwenyewe. Ila utani ule ule ukiwa na miaka kumi na moja, umesimama mlangoni kwa mtu na daftari mkononi, unakuwa na ladha nyingine.

Maana mi ndo nilikuwa natumwa. Mama alikuwa na kauntabuku, lile lenye jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu, kila mteja na ukurasa wake. Watu walikuwa wanalipwa mwisho wa mwezi, katikati hapo wanakula kwa daftari. Naukumbuka mwandiko wake, unalalia kulia, kalamu ya bluu: *Baba Mapacha, unga 2, sukari ½, sabuni mche 1, 1,100.* Chini yake tarehe nyingine, mafuta ya taa, kiberiti. Na majina yenyewe yalikuwa hayo, maana nusu ya wateja hakuwajua majina yao. Fundi Redio. Mpangaji wa Nyuma. Mama wa Kanga ya Kijani. Kuna mmoja aliandikwa Anayecheka, basi, hamna kingine, Anayecheka, 3,400, na huyo alihama usiku. Mwingine alitoa jina kamili, la kwanza na la ukoo na idara anayofanya kazi, mama akafurahi akamwandika kwa herufi kubwa, mwezi ulipoisha nikaenda kuuliza huko idarani wakanicheka, mtu mwenye jina hilo hakuwahi kuwepo.

Ndo maana hicho kipande cha jina kwenye ngano kimenisumbua ukubwani. Kwa akina Grimm mdaiwa akilijua jina la mdai anapona. Dukani ni kinyume, mdai ndo anayetakiwa alijue jina lako, na wewe ukiwa mjanja humpi.

Miryem na yeye anabeba daftari. Baba yake ni mkopeshaji wa kijiji lakini ni mpole kupita kiasi, mahari ya mkewe yote kaikopesha na haidai, akifika mlangoni kwa mtu akiambiwa hali ngumu anasema pole anarudi. Kwa hiyo majirani wana kuku, wana mbuzi, wana makoti ya manyoya, vyote vimetoka kwenye mahari ya mama yake, na wao ndani hawana kuni na mama anakohoa. Siku kikohozi kimezidi Miryem anachukua daftari anatoka. Mlango kwa mlango. Asiye na hela anatoa kuku, anatoa unga, anatoa hilo koti la manyoya. Na hapo ndo kijiji kinaanza kumchukia kweli, kabla ya hapo walikuwa wanawadharau tu. Hata wazazi wake wanaumia kumwona binti yao amekuwa mgumu vile, na yeye anajijua kabisa kwamba kuna kitu ndani kimeganda, anakiacha kigande kwa sababu bila hicho mama anakufa.

Nilikuwa naenda Desemba. Wachaga Desemba lazima mpande Moshi, hiyo haina mjadala, na mama alikuwa anasema hatupandi kwa bibi mikono mitupu wakati hela yetu imelala mtaani. Kwa hiyo wiki ya pili ya Desemba nachukua daftari. Kuna mwalimu, alikuwa ananifundisha mimi mwenyewe, alikuwa na ukurasa mzima na nusu. Nikafika kwake na sare za shule, nikasema shikamoo mwalimu, mama kanituma. Akanitazama pale mlangoni, hakusema kitu, akaingia ndani akatoka na noti akanihesabia mkononi moja moja kwa sauti ili wapangaji wote uani wasikie. Halafu akasema, mwambie mama yako asante kwa kunifundishia mtoto wake kudai. Alilipa zote. Muhula uliofuata hakuninyooshea kidole hata mara moja nilipoinua mkono darasani.

Mi nilimchukia mama kwa hilo. Mwalimu wala sikumchukia. Mama.

Sasa Miryem ni Myahudi, na hapa lazima niwe mwangalifu maana mambo hayalingani. Sisi tulitaniwa. Wao walichomwa. Ulaya ya enzi hizo kanisa lilikuwa linawakataza Wakristo kutozana riba, na sehemu nyingi Myahudi hakuruhusiwa kumiliki ardhi wala kuingia kwenye vyama vya mafundi, kwa hiyo unamfungia mtu milango yote unamwachia mmoja wa kukopesha halafu unamchukia kwa kupita hapo. Kuna kisa cha mji wa York, Uingereza, Machi 1190. Wayahudi wa mji walikimbilia kwenye mnara wa ngome ya mfalme wakazingirwa, wengi wakajiua humo ndani kuliko kukamatwa, waliotoka wakiahidiwa usalama wakauawa, inakadiriwa kama watu 150. Waliokuwa mbele kwenye lile kundi walikuwemo watu wanaodaiwa. Na walipomaliza kuua walienda kanisa kuu, ambako hati za madeni zilikuwa zimehifadhiwa, wakazichoma hapo hapo kanisani. Miaka mia baadaye, 1290, mfalme Edward wa Kwanza akawafukuza Wayahudi wote Uingereza.

Novik hasimulii York. Nchi yake ni ya kubuni, inaitwa Lithvas, lakini harufu yake ni Lithuania na Poland, na ukoo wake mwenyewe umetoka huko, upande wa baba Wayahudi wa Lithuania, upande wa mama Wakatoliki wa Poland. Ila ukishajua kwamba kuna mahali watu waliua kisha wakaenda kuchoma daftari, ule ukurasa wa kwanza unausoma tofauti, unaacha kuuona ni ujanja wa mwandishi.

Turudi kwenye utamu. Miryem anakuwa hodari, anapeleka bidhaa mjini, ananunua anauza, na siku moja wako kwenye gari la theluji na mama yake, mama anasikitika binti amekuwa hivi, na binti kwa hasira anajigamba kwamba mimi naweza kugeuza fedha kuwa dhahabu. Porini kuna Wastaryk, watu wa barafu, mfalme wao akasikia. Usiku wakakuta mfuko mlangoni una sarafu sita za fedha. Zigeuze. Halafu sitini. Halafu mia sita.

Na hapa Kiswahili kinanipa raha ambayo msomaji wa Kiingereza haipati. Kwetu fedha ni ile madini na fedha ni hela. Bango la dukani kwa mama lilikuwa limeandikwa LEO FEDHA KESHO MKOPO. Kwa hiyo nikisoma kwamba binti anageuza fedha kuwa dhahabu sioni uchawi wowote, naona biashara, na kitabu nacho ndo kinavyofanya. Hamna kusokota majani. Anachukua zile sarafu, anampelekea sonara, sonara anatengeneza pete, pete inauzwa kwa mtawala wa mji kwa dhahabu, ile faida inabaki. Sitini zikawa mkufu. Mia sita zikawa taji. Mahesabu yapo wazi pale, unaweza kuyafuata. Uchawi wenyewe unakuja baadaye, mfalme anapomchukua, na wakati huo wewe umeshashawishika kwamba huyu dada hata bila uchawi angemudu.

Ila aliyeniliza ni Wanda. Baba yake Wanda ni mlevi anayepiga, alikopa akanywa, hana cha kulipa, kwa hiyo Miryem anasema binti yako aje anifanyie kazi mpaka deni liishe. Baba anaona kaonewa, kijiji kinaona binti kaonewa, kumbe Wanda moyoni anashangilia. Anatoka kwenye ile nyumba. Anakula mkate, mara ya kwanza kuna mtu anamsukumia sahani. Halafu wanaanza kumfundisha namba na herufi ili ashike daftari, na yeye anaamini kabisa anafundishwa uchawi, anaiona ile mistari na anaona ni nguvu. Hicho kipande nilikisoma mara tatu. Msichana anayeona kwamba kuandika deni ni uchawi. Na hajakosea, maana akishajua kuhesabu anajua deni la baba yake litaisha lini, na anatamani lisiishe.

Dukani tulikuwa na dada wa kazi pia, simtaji. Mama alimfundisha kuandika kwenye daftari. Sa hivi ana duka lake, kubwa kuliko lilivyowahi kuwa la mama.

Nilipofika katikati ya kitabu nikaanza kujiuliza, na sisi je, ngano zetu zinamshangilia nani? Bibi yangu Moshi alikuwa na ile ya Mawenzi na Kibo. Mawenzi moto umemzimikia, anaenda kwa Kibo kuomba kaa, anamkuta Kibo anatwanga ndizi kavu, anapewa kaa na ndizi juu. Tamu. Njiani anautupa moto, anarudi, umezimika tena jirani. Anapewa tena. Anarudi tena. Kibo kashtuka, kachukua mchi wa kutwangia kampiga nao, ndo maana mpaka leo Mawenzi amechongoka vile kama meno yaliyovunjika na Kibo amekaa na kichwa chake cha mviringo cheupe. Bibi alikuwa anaishia hapo na kucheka sana. Kwetu mwenye moto ndo anabaki na sura nzuri, labda ndo maana tunataniwa.

Na kuna ya pwani, ile ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliichapa 1870 kwenye hadithi alizozikusanya Unguja. Maskini anaitwa Hamdani, anapekua jaani anaokota punje za mtama, siku moja anaokota thumni, ananunua paa. Paa huyo anaongea. Paa anapata almasi, anampelekea sultani posa kwa niaba ya bwana wake, anamtafutia nguo, mke, anaua joka lenye vichwa saba anamrithisha jumba lake. Kila kitu. Halafu paa anaumwa. Anamtuma bibi kizee kwa bwana, mwambie naumwa, na yule bwana anasema mpikie uji wa mtama, ule wa kuwapa wanyama. Mke anashangaa, kizee analia, bwana anasema yule paa nilimnunua kwa thumni, ananizidishia nini. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Na siku moja Hamdani amelala kwenye jumba lake, anaamka yuko jaani anapekua mtama.

Soma hiyo halafu rudi kwa Grimm. Kwa Grimm aliyepewa kila kitu anashangilia mwenye kumpa akipasuka vipande viwili. Unguja anaamka jaani. Mi sikuwahi kuziweka hizi mbili pamoja mpaka huyu mama wa Marekani na theluji yake aliponilazimisha, na sijui kwa nini shuleni nilipewa ya kijitu nikapiga makofi na ya paa nikaja kuisoma nina miaka thelathini.

Lakini ngoja, sitaki nionekane nawapigia debe wakopeshaji wote. Mtaani kuna mikopo watu wenyewe wameipa jina, kausha damu, na jina linajitosheleza. Kila wiki rejesho, ukichelewa wanakuja kundi zima wanabeba kochi. Na kuna hii ya kwenye simu. Mi nilikopa. Kodi ilikuwa imebana, nikapakua programu moja, dakika tano hela imeingia, ya kurudisha ni ndani ya siku saba na tayari wameshakata chao juu kwa juu. Siku ya nane wakatuma meseji kwa watu waliomo kwenye simu yangu. Mwenye nyumba. Kiongozi wa kwaya. Mtu niliyewahi kumuuzia friji. Na mama. *Mjulishe ndugu yako ni tapeli anadaiwa.* Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, niliisoma mwili unanisisimka utafikiri na mimi nimo.

Mama alinipigia siku ile. Nikajua nitasemwa mpaka basi. Akauliza ni shilingi ngapi, nikamtajia, akatuma na ya kutolea, akasema, "Mimi niliwahi kumtangaza mtu?" Nikasema hapana mama. "Nilikutuma wewe, mtoto, na daftari, ili mtu alipe kimya kimya, asifuatwe na mtu mzima watu wakajua." Miaka yote hiyo mi nilikuwa najua alinituma kwa sababu mtoto ni mgumu kumkatalia.

Kuhusu kitabu chenyewe, nina malalamiko. Wasimulizi ni sita, wote wanasema "mimi," na hamna kichwa cha kukuambia sasa anaongea nani, unasoma aya nzima ndo unashtuka kumbe ni yaya mzee wa Irina. Miryem na Wanda sikatai, Irina, binti wa mtawala aliyevaa ile fedha akaolewa na tsari, yaani mfalme wa nchi, mwenye pepo la moto ndani yake, na yeye sawa, nimependa anavyofikiri kama mtu wa siasa. Stepon, mdogo wake Wanda, ananichekesha. Waliobaki wangeachwa. Na kati pale safari za kwenda na kurudi kupitia kioo zilinichosha, niliruka kurasa, nikarudi kwa aibu.

Halafu huyo mfalme wa barafu. Wasomaji wengi wanampenda. Mi hapana, au tuseme polepole sana na kwa masharti. Mtu kakuteka, kakuoa bila kukuuliza wala jina lako halimhusu, hata mwishoni awe muungwana vipi mi namwangalia kwa jicho la pembeni. Kilichoniokoa ni kwamba Miryem hamlegezei kwa mapenzi, anamlegezea kwa mkataba. Kule kwa Wastaryk hamna cha bure, ukipewa lazima urudishe, na yeye ndo lugha yake hiyo, anapatana naye kila kitu mpaka maswali ya kuuliza usiku. Watu wawili wanaoheshimiana kwa sababu kila mmoja analipa anachodaiwa, mi nimeona ndoa zilizosimama kwa sababu dhaifu kuliko hiyo. Mwisho sisemi.

Jumapili nilimpigia mama nikamsimulia. Saa nzima, na vocha yangu. Kwenye barafu na mapepo alikuwa anasema mh, mh, huku nasikia anapepeta kitu. Nilipofika kwa baba yake Miryem akanikatisha.

"Alikuwa haandiki?"

"Alikuwa anaandika, ila hadai."

"Sasa huyo alikuwa anagawa. Mahari ya mwenzake anagawa." Akaacha kupepeta. "Na yule binti wa mlevi, siku zake alikuwa anaandikiwa?"

Nikamwambia anaandikiwa, tena baadaye anajiandikia mwenyewe.

"Vizuri."

Nikamuuliza kauntabuku zake zilienda wapi. Kumbe zipo, ziko sandukuni chini ya kitanda, saba. Nikamwomba afungue moja anisomee jina lolote. Akachelewa kurudi kwenye simu, nikasikia kufuli, karatasi. Akasema hii nimeifungua kwa nyuma. Kwa nyuma kuna nini? Kwa nyuma, akasema, ndo nilikuwa naandika wanaonidai mimi. Duka la jumla la Morogoro mjini, mifuko ya unga, katoni za sabuni. Mwenye lori. Babu yako, ng'ombe wawili. Ukiligeuza daftari juu chini linaanza upya upande wangu. Nikamuuliza yote yamekatwa? Akacheka, akasema ya babu yako bado.

Jumatatu nikatoka kazini nikashuka kituo kile kile, upande wenyewe wa barabara. Kaka wa vitabu kaniona toka mbali hakuonyesha dalili yoyote. Nikampa elfu mbili nikaanza kujieleza, nilisafiri, sijui nini, hanisikilizi, kavuta kadaftari kadogo kutoka mfuko wa shati, kapitisha kidole. Nikachungulia. *Dada Miwani, 2,000.* Akakata kwa mstari mmoja.

Halafu akainama akatoa kingine kutoka chini ya turubai, Uprooted, cha 2015, cha mama yule yule. Nilikuwekea, akasema, nilijua utarudi. Bei gani? Nane. Nikafungua pochi nikahesabu, nikarudia kuhesabu.

Akafungua tena kadaftari, safari hii akaniuliza jina.